Ghorofa Mbili Zisizo na Ngazi: Historia ya Ukumbi wa Jiji la Marseille

Upande wa kaskazini wa Bandari ya Kale ya Marseille, pale kivuko kidogo kinapopakia abiria wa kuvuka maji yasiyofika mita 300, limesimama jengo la mawe yenye rangi ya waridi. Si jengo refu. Majumba yaliyolizunguka, ambayo mengi yalijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, yanalipita kimo. Hata hivyo ndilo linaloheshimiwa kuliko yote, kwa kuwa ndilo Ukumbi wa Jiji, makao ya meya na madiwani wa jiji la pili kwa wingi wa watu nchini Ufaransa.

Mafundi waliianza kazi mwaka 1653 na kuimaliza 1673. Mchongaji mashuhuri Pierre Puget, mzaliwa wa mji huohuo, alichonga nembo ya mfalme ya kupambia uso wa jengo. Lakini ndani mna jambo ambalo mgeni hangelitarajia: kati ya ghorofa ya chini na ya juu hapakuwekwa ngazi. Chini palikuwa pa wafanyabiashara, waliokutana hapo kupatana bei, kukodi merikebu na kupashana habari za Iskandaria, Izmir na Tunis. Juu palikuwa pa watawala wa mji. Aliyetaka kupanda alilazimika kutoka nje, kuingia jengo la nyuma, kupanda ngazi za huko, kisha kuvuka kwa daraja lililopita juu ya kichochoro.

Mali chini, mamlaka juu, na daraja pembeni. Mpango huo wa mafundi unaeleza vizuri kazi ya taasisi hii kwa karne nyingi. Marseille ni mji uliozaliwa na bahari na kulishwa na bahari, na kila kizazi cha wakuu wake kimekabiliwa na swali moja: kilicholetwa na bahari kipokewe namna gani, bila kumwacha mkazi wa kawaida akilipa gharama kwa maisha yake?

Bakuli kati ya milima na maji

Anayeitazama Marseille kutoka kilima cha Notre-Dame de la Garde, chenye kanisa ambalo wenyeji huliita Mama Mwema, huona mji uliokaa kama ndani ya bakuli. Kaskazini kuna vilima vya Nerthe na mlima wa Étoile. Mashariki kuna Garlaban. Kusini kuna Calanques, majabali meupe yanayoteremka wima hadi baharini, ambayo tangu 2012 ni hifadhi ya taifa. Mbele ya bandari vimetawanyika visiwa vya Frioul na kile kidogo cha If, chenye ngome iliyojengwa katika karne ya 16. Upepo wa mistral huteremka kutoka bonde la mto Rhône, ukakausha anga na kuchafua bahari kwa siku nzima.

Mto huohuo ndio uliochangia kuchaguliwa kwa mahali hapa. Rhône ni njia kuu ya kuingia bara la Ufaransa, lakini mdomo wake umejaa matope na mchanga. Marseille iko karibu nao kiasi cha kufaidi biashara yake, na iko mbali kiasi kwamba ghuba yake haizibwi na tope. Wagiriki kutoka Phocaea, mji wa pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, waliliona hilo mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo. Walitia nanga katika ghuba iliyojificha, wakauita mji wao Massalia.

Simulizi ya kuanzishwa kwa mji ni ya arusi. Inasemwa kwamba siku wageni walipofika, mfalme wa wenyeji alikuwa amefanya karamu ili binti yake Gyptis achague mume kwa kumpa kikombe cha kinywaji. Binti akampa Protis, nahodha mgeni. Iwe kweli au hadithi, watu wa Marseille hawajachoka kuisimulia, na mwaka 1999 waliadhimisha miaka 2,600 ya mji wao kwa maandamano makubwa ya sherehe.

Utawala nao ulianza mapema. Mwanajiografia Strabo ameandika kwamba Massalia iliongozwa na baraza la watu 600 walioshika nafasi zao maisha yao yote. Wajumbe 15 kati yao walishughulikia kazi za kila siku, na 3 waliwaongoza wenzao. Sheria ziliwekwa hadharani ili kila mtu azione. Aristotle mwenyewe aliandika juu ya katiba ya mji huo. Heshima hiyo haikuukinga na makosa ya siasa: katika vita kati ya Pompeius na Julius Caesar, wakuu wa mji walimfungia Caesar malango, naye akauzingira na kuushinda mwaka 49 kabla ya Kristo. Massalia ikapoteza merikebu zake na sehemu kubwa ya makoloni yake.

Mji unaojitawala, mfalme asiyetaka

Katika Zama za Kati mji uligawanyika: sehemu ya juu ilikuwa ya askofu, ya chini ilikuwa ya mabwana wa ukoo wa kitemi. Mwanzoni mwa karne ya 13 wafanyabiashara na mafundi wa mji wa chini waliungana katika udugu wa Roho Mtakatifu, wakanunua haki za mabwana hao kidogo kidogo hadi mji ukawa wao. Uhuru huo ulidumu kwa muda mfupi. Mwaka 1257 Charles wa Anjou, mtawala wa Provence, aliwalazimisha kukubali mamlaka yake, ingawa aliwaachia baraza lao na sehemu ya desturi zao.

Mwaka 1423 wanamaji wa mfalme wa Aragon walivunja mnyororo uliofunga mlango wa bandari, wakaupora mji na kuutia moto. Mnyororo wenyewe waliuchukua, na hadi leo unaning'inia katika kanisa kuu la Valencia, Uhispania. Mwishoni mwa 1481 Provence ilirithiwa na mfalme wa Ufaransa, na Marseille ikawa bandari ya Ufaransa upande wa Bahari ya Kati.

Wenyeji hawakusahau kwamba waliwahi kujitawala. Kati ya 1591 na 1596, wakati Ufaransa ikiraruliwa na vita vya dini, Charles de Casaulx aliuongoza mji kama jamhuri ndogo hadi alipouawa. Miaka 3 baadaye, 1599, baraza la mji liliteua wafanyabiashara 4 wa kusimamia mambo ya bahari na biashara. Kutokana na uteuzi huo ilizaliwa Chemba ya Biashara ya Marseille, inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote duniani. Mwanzoni chemba na halmashauri zilikuwa kama ndugu wa nyumba moja. Mwaka 1650 zilitenganishwa, na zilipopata jengo jipya zikagawana ghorofa.

Mfalme Louis wa 14 hakupenda mji wenye kiburi. Machi 1660 aliingia Marseille bila kupita langoni: aliamuru ukuta ubomolewe, akapita kwenye tundu kama mshindi aingiavyo katika mji alioteka. Akajenga ngome ya Saint-Nicolas na kuimarisha ile ya Saint-Jean, moja kila upande wa mlango wa bandari, ziutazame mji pamoja na bahari. Makonsuli wa zamani aliwafuta. Mahali pao aliweka wakuu wapya walioitwa échevins, waliochaguliwa miongoni mwa wafanyabiashara, huku watu wa koo za kifahari wakizuiwa kushika nyadhifa za mji.

Alichonyang'anya kwa mkono mmoja alikirudisha kwa mwingine. Mwaka 1666 aliamuru mji upanuliwe, na eneo lake ndani ya kuta likawa mara 3 ya lile la awali. Mwaka 1669 aliifanya Marseille kuwa bandari huru isiyotoza ushuru wa kawaida, na bidhaa za Mashariki zilizoshushwa katika bandari nyingine za nchi zikatozwa asilimia 20. Kwa hatua hizo biashara ya Mashariki ilikusanyika kwenye ghuba moja. Tangu hapo waliokaa ghorofa ya juu ya Ukumbi walikuwa walewale waliofanya biashara ghorofa ya chini.

Merikebu ya Mei 1720

Hatari ya mpango huo ilidhihirika baada ya miaka 60.

Marseille ilikuwa na mfumo wa afya ya bandari uliosifiwa kotekote Ulaya. Kila merikebu kutoka Mashariki ilibeba hati ya afya: safi, ya mashaka, au chafu. Wasimamizi wa afya waliamua abiria na bidhaa vikae karantini siku ngapi, katika visiwa au katika majengo ya Arenc nje ya kuta. Wasimamizi hao walitoka miongoni mwa wafanyabiashara na manahodha wa zamani, watu walioijua bahari vizuri, na waliojuana vizuri pia.

Tarehe 25 Mei 1720 iliwasili merikebu iliyoitwa Grand-Saint-Antoine, chini ya nahodha Jean-Baptiste Chataud, ikitoka pwani ya Shamu na Kupro. Ilikuwa na hati safi. Lakini njiani walikuwa wamekufa watu 9, akiwamo tabibu wa merikebu, na madaktari wa Livorno walikuwa wameandika kwamba kuna homa mbaya. Kwa vifo hivyo merikebu ilistahili kupelekwa kisiwa cha mbali cha Jarre. Badala yake bidhaa zake, vitambaa na pamba za thamani kubwa, zilishushwa Arenc. Maonyesho ya biashara ya Beaucaire yalikaribia mwezi Julai, na wenye mali walitaka kuwahi soko. Mmoja wa wenye mali hiyo alikuwa Jean-Baptiste Estelle, mkuu wa échevins, mtu aliyekaa juu kwenye Ukumbi wa Jiji.

Juni watu walianza kufa katika vichochoro vya mji wa kale. Kwa wiki kadhaa wakuu walizungumza juu ya homa za kawaida, maana kulitaja jina la tauni kungefunga bandari. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mwisho wa Julai mahakama kuu ya Aix ilipiga marufuku mawasiliano yote na Marseille. Kufikia Septemba maiti zilikuwa zimelala barabarani mbele ya milango, na mchoraji Michel Serre, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa mitaa wakati wa janga, aliuchora uwanja wa Ukumbi wa Jiji ukiwa umejaa wagonjwa, maiti na mikokoteni. Mji wenye watu wapatao 90,000 ulipoteza karibu 40,000. Merikebu yenyewe ilichomwa moto huko Jarre, na mabaki yake yaligunduliwa na wapiga mbizi mwaka 1978.

Haki inataka isemwe pia kwamba Estelle na wenzake watatu, Audimar, Moustier na Dieudé, hawakukimbia. Matajiri wengi walihamia mashambani. Wao walibaki, wakatafuta nafaka, wakagawa mikate, wakasimamia mazishi. Chevalier Nicolas Roze aliongoza wafungwa na wanajeshi kuondoa mamia ya maiti zilizokuwa zimeoza katika uwanja wa Tourette. Askofu Belsunce alitembea mitaani akiwahudumia wanaokufa. Mwaka 1722 échevins waliweka nadhiri ya misa na mshumaa kila mwaka, na nadhiri hiyo hutimizwa hadi leo na Chemba ya Biashara. Lakini ushujaa wa baadaye hauifuti hesabu ya mwanzo. Mwenye shehena na mlinzi wa mlango walikuwa watu wa nyumba moja, na waliolipa ni maskini wa vichochoroni.

Wimbo, kisha maji

Mapinduzi ya 1789 yaliwaondoa échevins na kuleta meya wa kwanza wa kuchaguliwa, Étienne Martin, mwaka 1790. Kiangazi cha 1792 vijana wapatao 500 wa kujitolea waliondoka Marseille kwenda Paris kwa miguu, wakiimba wimbo wa vita uliotungwa Strasbourg miezi michache kabla na Rouget de Lisle. Watu wa Paris, waliousikia kutoka vinywani mwao, wakauita La Marseillaise, nao ndio wimbo wa taifa la Ufaransa. Mwaka uliofuata mji uliasi serikali ya Paris. Adhabu yake ilikuwa ya ajabu: mwanzoni mwa 1794, kwa wiki chache, Marseille ilinyang'anywa jina, ikaitwa Mji Usio na Jina.

Karne ya 19 ndiyo iliyoipa halmashauri hii kazi yake kubwa na bora kuliko zote. Marseille ina bahari mbele lakini ina mito midogo tu nyuma. Mto Huveaune haukutosha hata kidogo. Ukame ulipokuja, watu walipanga foleni kwenye visima usiku kucha. Kisha, 1834 na 1835, kipindupindu kikapiga mji. Meya Maximin Consolat, aliyekuwa madarakani tangu 1831 hadi 1843, aliamua kwamba jiji lilete maji ya mto Durance kutoka mbali, gharama iwe yoyote itakayokuwa. Kazi alikabidhiwa mhandisi kijana Franz Mayor de Montricher.

Mfereji huo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 80, ulichimbwa kuanzia 1839, ukipita ndani ya vilima na juu ya mabonde. Katika bonde la Arc, Montricher alijenga daraja la maji la Roquefavour, la mawe, lenye matao ya ngazi tatu na kimo cha mita zaidi ya 80, refu kuliko hata lile la Warumi la Pont du Gard. Maji yalifika Marseille 1849. Mwaka 1869 jiji lilifungua jumba la Longchamp, lenye maporomoko ya maji na sanamu, kuwa shukrani kwa mfereji. Ni nadra halmashauri ya jiji kuyajengea maji jumba la fahari namna hiyo. Kwa waliokumbuka foleni za visimani, halikuwa anasa.

Ufuta wa Unguja, watu wa Komoro

Bandari ya Kale ilipojaa, bandari mpya ya Joliette ilianza kujengwa 1844. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, Marseille ikawa lango la Ufaransa kuelekea Bahari ya Hindi. Mji uliokuwa na watu wapatao 110,000 mwanzoni mwa karne ulikaribia 490,000 mwishoni mwake.

Hapa historia ya Marseille inakutana na ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1844 Sayyid Said wa Unguja alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa, na kampuni za Marseille kama Rabaud na Vidal zikaweka mawakala Unguja. Walichokitaka zaidi ni ufuta. Sabuni ya Marseille, ambayo kwa kanuni ya mwaka 1688 ilipaswa kutengenezwa kwa mafuta ya zeituni peke yake, katika karne ya 19 ilianza kutumia pia mafuta ya ufuta, karanga na nazi. Mbegu zilizovunwa na wakulima wa pwani, wengi wao wakiwa watumwa, ziliishia katika mashinikizo ya mafuta ya Marseille. Baadaye meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilisafiri kati ya Marseille, Aden, Mombasa, Unguja, Komoro na Madagaska.

Pamoja na bidhaa walikuja watu. Waitalia walikuwa wa kwanza kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa takriban mtu 1 kati ya 5 jijini. Walipokewa kwa kazi ngumu na mara nyingine kwa vurugu, kama zile za Juni 1881 zilizoua watu 3. Miaka ya 1920 walifika Waarmenia waliookoka mauaji ya halaiki, na walikuja pia Wakorsika, Waalgeria, Watunisia na wengineo. Wakomoro walianza kama mabaharia na makuli wa meli. Baada ya uhuru wa Komoro mwaka 1975 familia zao zikaongezeka, na leo ni makumi ya maelfu. Katika mitaa ya kaskazini ya Marseille arusi kubwa ya Kingazija hukusanyiwa fedha kwa miaka, na sehemu ya fedha hizo husafiri kurudi visiwani. Msomaji wa Unguja au Mombasa mwenye ndugu Wangazija hahitaji kuelezwa maana yake.

Ukumbi wa Jiji ulichukua muda kuwatambua. Februari 1995 Ibrahim Ali, kijana wa miaka 17 mwenye asili ya Komoro, aliuawa kwa risasi na wabandikaji mabango wa chama cha Front national alipokuwa akirudi kutoka mazoezi ya muziki. Familia na marafiki waliomba kwa miaka mingi barabara ipewe jina lake. Februari 2021, miaka 26 baada ya kifo chake, halmashauri iliiita Avenue Ibrahim-Ali.

Moto, baruti na miaka bila meya

Tarehe 28 Oktoba 1938 duka kubwa la Nouvelles Galeries, katika barabara kuu ya Canebière, lilishika moto. Watu 73 walikufa. Mawaziri na wabunge waliokuwa jijini kwa mkutano wa chama walijionea wenyewe zimamoto wakikosa vifaa na uongozi. Siasa za mji tayari zilikuwa na sifa mbaya kwa sababu ya urafiki kati ya wanasiasa na majambazi. Machi 1939 serikali ya Paris ilichukua hatua nzito: iliweka msimamizi wake juu ya jiji, na madaraka ya meya wa kuchaguliwa yakawekwa kando. Mwaka huohuo zimamoto ilikabidhiwa jeshi la majini. Hadi leo Marseille ndilo jiji la Ufaransa ambalo moto wake huzimwa na kikosi cha wanamaji, kikigharamiwa na jiji.

Januari 1943, chini ya ukaliaji wa Wajerumani na kwa ushirikiano wa polisi wa Ufaransa, mitaa ya mji wa kale kando ya bandari ilizingirwa. Wakazi wapatao 20,000 walitolewa majumbani mwao. Zaidi ya 1,600 walisafirishwa hadi Compiègne, karibu 800 wakiwa Wayahudi ambao takriban wote waliuawa katika kambi za mauaji. Kuanzia Februari 1 nyumba karibu 1,500 zililipuliwa kwa baruti. Ukumbi wa Jiji ulikuwa miongoni mwa majengo machache yaliyoachwa, ukabaki peke yake mbele ya uwanja wa kifusi. Mji ulikombolewa Agosti 1944, na kati ya waliopigania kilima cha Notre-Dame de la Garde walikuwamo wanajeshi wa Algeria.

Defferre na ramani ya leo

Mwanasheria na mpiganaji wa chinichini Gaston Defferre alishika Ukumbi katika siku za ukombozi, akaupoteza, kisha akaurudia 1953 na kubaki meya hadi alipofariki 1986. Akiwa waziri mwaka 1956 alisimamia sheria iliyotoa kura kwa watu wote katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika na visiwa vyake, Komoro ikiwamo. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1981 alihamisha mamlaka kutoka Paris kwenda mikoani na majijini.

Sheria ya Desemba 31, 1982, iitwayo PLM kwa herufi za kwanza za Paris, Lyon na Marseille, ndiyo iliyochora utawala wa sasa. Marseille ina wilaya ndogo 16 ziitwazo arrondissement, zilizounganishwa mbili mbili kuwa sekta 8, kila moja ikiwa na meya wake mdogo anayesimamia huduma za karibu kama viwanja vya michezo na kumbi za mitaa. Kwa miongo mingi wananchi walipiga kura ndani ya sekta, kisha madiwani ndio waliomchagua meya wa jiji. Utaratibu huo ulilalamikiwa tangu mwanzo: mwaka 1983 Defferre alibaki na kiti ingawa orodha za mpinzani wake Jean-Claude Gaudin zilipata kura nyingi zaidi kwa jumla. Sheria ya Agosti 2025 imetenganisha kura ya halmashauri ya jiji na ile ya sekta.

Kuna ngazi nyingine tena. Tangu Januari 2016 Marseille imo ndani ya jiji-mkoa la Aix-Marseille-Provence, lenye manispaa 92, linaloshughulikia usafiri, maji na taka. Meya anabaki na shule za msingi, maktaba, bustani, fukwe, zimamoto na usalama wa majengo. Eneo la jiji lenyewe ni kilomita za mraba 240, zaidi ya mara 2 ya Paris, na watu wake ni zaidi ya 870,000. Wenyeji huhesabu mitaa 111, mingi ikiwa vijiji vya zamani vilivyomezwa na jiji, kila kimoja kikiwa na kanisa, uwanja na jina lake.

Mtaa wa Aubagne

Gaudin aliyeshindwa 1983 alikuwa meya kuanzia 1995 hadi 2020. Katika miaka yake jiji lilipendeza machoni: mwaka 2013 likawa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, na jumba la makumbusho la MuCEM likafunguliwa mlangoni pa bandari. Nyuma ya uso huo nyumba za katikati ya mji zilikuwa zikioza.

Asubuhi ya Novemba 5, 2018, nyumba namba 63 na 65 za mtaa wa Aubagne, mtaani Noailles, ziliporomoka. Watu 8 walikufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa za mtaa huo zilikuwa zimeripotiwa. Katika miezi iliyofuata maelfu ya wakazi walihamishwa kutoka nyumba nyingine zilizotangazwa kuwa hatari. Wananchi waliandamana hadi Ukumbi wa Jiji, na uchaguzi wa 2020 ukaondoa uongozi uliokaa miaka 25. Michèle Rubirola akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya. Desemba mwaka huohuo alimpisha Benoît Payan. Mwishoni mwa 2024 washtakiwa 16 walifikishwa mahakamani, miongoni mwao naibu meya wa zamani.

Msiba wa 1720 na ule wa 2018 hailingani kwa ukubwa, lakini chanzo ni kilekile: hatari ilijulikana kwa waliopaswa kuilinda jamii, na waliokuwa na la kusema hawakufikiwa na daraja la kupandia juu. Mfereji wa Durance ni ushahidi wa upande wa pili, kwamba halmashauri hiihii, ilipoamua kwamba kiu ya vichochoroni ni kazi yake, iliweza kuleta mto mzima mjini.

Uwanja mdogo ulio kwenye mtaa huo wa Aubagne sasa unaitwa Uwanja wa Novemba 5, 2018, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika hapo kuwakumbuka waliokufa. Kutoka hapo hadi mlango wa Ukumbi wa Jiji ni mwendo wa takriban robo saa kwa miguu.